Mnyoo wa moyo: Usimpimie mbwa wako dawa ya ng'ombe

MAMA mmoja mkazi wa Umoja alifika katika zahanati yangu akiwa na mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akijikuna usiku kucha. Ulikuwa upele, ule wa kawaida unaoenea nyumba nzima watu wakilala kitanda kimoja. Nilipokuwa nikimwandikia dawa ya kupaka, mama alifungua mkoba wake akatoa chupa ndogo ya dawa isiyo na rangi, yenye picha ya ng'ombe na kondoo.

"Daktari, nimeambiwa hii pia hutibu upele. Imebaki kidogo. Nimpe matone mangapi?"

Nilimuuliza chupa ile ilitoka wapi. Alisema ni ya kifungua mimba wake, mwanafunzi wa chuo, aliyeinunua katika duka la dawa za mifugo ili amtibu mbwa wao. Mbwa mwenyewe alikuwa chotara wa German Shepherd, mlinzi wa ploti yao, na kwa wiki mbili alikuwa akikohoa. Kijana ana shangazi yake anayeishi Houston, Marekani. Aliposikia kwa simu kwamba mbwa anakohoa, shangazi alisema bila kusita, "Huyo ana mnyoo wa moyo. Mpeni ivamektini."

Kijana akanunua, akavuta mililita tatu kwa bomba la sindano, akamnywesha. Jioni yake mbwa alianza kupepesuka kama mlevi, akigonga kuta. Usiku akatokwa na udenda na kutetemeka mwili mzima. Siku ya pili alipelekwa kwa daktari wa mifugo, na siku ya tatu akafa. Sasa mabaki ya dawa ileile yalikuwa mezani pangu, karibu na mtoto wa kilo kumi na moja.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, kwa miaka ambayo nimetibu wagonjwa huku Eastlands nimeona kwamba mbwa na mtoto hupita mlango mmoja, na dawa inayonunuliwa kwa ajili ya mbwa huishia kabatini pamoja na dawa za watoto. Kwa hiyo nilimtafuta daktari wa mifugo niliyesoma naye shule ya upili, tukaketi jioni nzima tukizungumza habari za mnyoo huyu, kisha nikarudi kwenye vitabu. Niliyoyapata huko yanawahusu wote wenye mbwa au paka, na hata wasio nao.

Mnyoo mwenyewe

Kwa jina la kitaalamu mnyoo wa moyo huitwa Dirofilaria immitis. Ni mwembamba na mweupe kama tambi iliyopikwa. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, yaani urefu wa rula ya mwanafunzi, na dume ni mfupi kuliko hapo. Haishi matumboni kama minyoo tuliowazoea. Makao yake ni mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi mapafuni, na wakizidi hujaa hata ndani ya vyumba vya moyo vya upande wa kulia. Mbwa mmoja aweza kubeba minyoo kumi, thelathini, pengine hata zaidi ya mia, na kila mmoja huweza kuishi miaka mitano hadi saba.

Mishipa iliyoingiliwa hivyo huvimba na kuwa migumu. Moyo nao hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi kila siku, mpaka unachoka. Miezi ya mwanzo mwenye mbwa haoni lolote. Baadaye mbwa huanza kikohozi kikavu kisichoisha, hupumua kwa taabu baada ya mbio fupi, hupoteza hamu ya kula na kukonda. Mwishoni tumbo hujaa maji, na huweza kuanguka ghafla na kuzirai. Utaona, msomaji, kwamba kikohozi peke yake hakithibitishi kitu. Mbwa hukohoa kwa mafua ya mbwa, kwa homa ya mapafu, kwa ugonjwa wa moyo usio na mnyoo wowote, na hata kwa mfupa uliokwama kooni.

Mbwa hamwambukizi mwenzake kwa kumlamba, kumuuma wala kula naye sahani moja. Lazima mbu aingie kati. Minyoo wazima huzaa vijinyoo vichanga, vidogo kiasi kwamba havionekani kwa macho matupu, navyo huogelea katika damu ya mbwa. Mbu anapomuuma mbwa huyo huvinyonya pamoja na damu. Ndani ya mbu vijinyoo hivyo hukua na kubadilika, kisha husogea hadi mdomoni mwake. Mbu akimuuma mbwa mwingine, vinaingia kupitia tundu lile la kuumwa. Vinapita chini ya ngozi na ndani ya misuli kwa miezi miwili hivi, ndipo vinapoufikia mkondo wa damu na kuelekea mapafuni. Tangu siku ile ya kuumwa hadi minyoo wazae wengine ni miezi sita au saba.

Kwamba mbu hubeba minyoo ya namna hii ni jambo lililogunduliwa mwaka 1877 na daktari Mskoti, Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Amoy, Uchina. Yeye alikuwa akichunguza mnyoo wa matende katika damu ya watu. Mnyoo wa matende na mnyoo wa moyo wa mbwa ni wa ukoo mmoja, na ndugu zetu wa Pwani wanaujua ukoo huo kwa machungu.

Kwa nini Houston si Umoja

Shangazi hakuwa mjinga. Kule Houston, na katika majimbo yote ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Meksiko, mnyoo wa moyo ni ugonjwa wa kila siku. Joto ni kali, mbu ni wengi, na daktari wa mifugo wa huko akiona mbwa asiyepewa kinga akikohoa, hilo ndilo jambo la kwanza analolifikiria. Kosa la shangazi lilikuwa kulihamisha jibu la Houston na kulileta Umoja kwa simu.

Sababu kubwa ni joto. Kijinyoo kinapokuwa ndani ya mbu hakina joto lake chenyewe; hukua kulingana na hali ya hewa. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi kinaweza kukomaa kwa muda wa wiki mbili hivi. Katika nyuzi 18 kinahitaji karibu mwezi mzima. Chini ya nyuzi 14 hakikui kabisa. Nairobi iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kila mkazi wa Eastlands anaijua baridi ya Julai inayomfanya kondakta avae makoti mawili. Mbu wengi hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hivyo mbu wetu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, huwa amekufa kabla mzigo wake haujaiva.

Hilo si kusema tulale. Februari na Machi jiji huwa na joto. Mbwa huhamishwa: huyu ameletwa kutoka Mombasa na mwenyewe aliyepata kazi Nairobi, yule ameingizwa kwa ndege kutoka ng'ambo akiwa na vyeti vyake vyote, na mwingine hupelekwa Malindi kila Desemba. Mbwa wa namna hiyo akikohoa, daktari ana haki ya kumshuku mnyoo wa moyo. Na mbu tunao. Mifereji iliyoziba nyuma ya nyumba zetu, mashimo ya maji taka yaliyofurika, pamoja na kingo za Mto Nairobi na Mto Ngong, huzalisha mbu aina ya Culex, ambaye hupenda maji machafu. Kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, kila nyumba ina mitungi na mapipa ya akiba, na humo huzaliana Aedes, anayependa maji safi. Wote wawili wanaweza kumbeba mnyoo huyu.

Mililita moja, mbwa hamsini na watano

Dawa yenyewe si mbaya. Ivamektini ilitokana na kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani na mtaalamu Satoshi Ōmura, nayo kazi ya kuifanya iwe dawa ikaongozwa na William Campbell huko Marekani. Mwaka 2015 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1987 ndipo ilipoanza kuuzwa Marekani kama kinga ya mnyoo wa moyo, na mwaka huohuo ikaanza kutolewa bure kwa ajili ya usubi, ugonjwa unaopofusha watu. Hapa Kenya imetumiwa pia, pamoja na dawa nyingine mbili, katika kampeni za kutokomeza matende huko Pwani.

Tatizo ni kipimo. Kinga ya mnyoo wa moyo kwa mbwa ni maikrogramu sita tu kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja kwa mwezi. Mbwa wa kilo 30, kwa hiyo, anahitaji maikrogramu 180. Sasa tazama chupa ya ng'ombe. Ile ya asilimia moja, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, ina miligramu kumi katika kila mililita moja, yaani maikrogramu 10,000. Piga hesabu: mililita moja ingetosha kuwakinga mbwa hamsini na watano wa ukubwa huo. Kijana wetu alitoa mililita tatu kwa mbwa mmoja. Alimpa zaidi ya mara mia moja na sitini ya kipimo cha kinga.

Kuna mbwa wanaostahimili kiasi kikubwa cha dawa hii, na hapo ndipo watu hudanganyika. "Mimi nilimpa wangu na hakufa," jirani atasema, na pengine anasema kweli. Ubongo wa mbwa wengi una kinga inayoirudisha dawa nje kabla haijaingia. Lakini wako wanaozaliwa na kasoro ya kurithi katika kinga hiyo, na kwao dawa huingia ubongoni kama maji yanavyoingia katika nyumba isiyo na mlango. Kasoro hii imeenea sana kwa mbwa aina ya Collie, na huonekana kwa baadhi ya German Shepherd na machotara wao. Kwa kumtazama mbwa huwezi kujua kama anayo. Nami sina haja ya kumweleza mkazi wa Nairobi ni mbwa gani anayependwa zaidi kwa ulinzi.

Dalili za sumu hiyo ndizo alizoziona yule kijana: mboni za macho hupanuka, mbwa hupepesuka, huwa kama kipofu, hutokwa na udenda, hutetemeka, kisha hulala asiweze kuamshwa. Hakuna dawa ya kuitangua. Daktari humsaidia mbwa kupumua, kunywa na kuhifadhi joto la mwili mpaka sumu ipungue, na hilo huweza kuchukua siku nyingi.

Kwa mtoto hesabu ni hizohizo. Tunayo ivamektini ya watu, vidonge vinavyotolewa kwa kupima uzito, na hatuwapi watoto wasiofika kilo 15. Yule wa Umoja alikuwa na kilo kumi na moja. Upele wake ulihitaji dawa ya kupaka mwili mzima, yeye na wote wa nyumba yake siku ileile, na nguo na mashuka kufuliwa kwa maji moto. Baada ya wiki tatu ngozi yake ilikuwa safi.

Mbwa akiwa naye kweli

Tuseme damu imepimwa na mnyoo amepatikana. Hapa watu hudhani kazi imekuwa rahisi: tafuta sumu kali, ua mnyoo. Lakini mnyoo wa tumboni akifa hutoka na kinyesi. Wa moyoni atatokea wapi? Mzoga wake husukumwa na damu hadi mapafuni, na huko huziba mishipa. Minyoo ishirini wakifa siku moja wanaweza kumuua mbwa ambaye wakiwa hai walikuwa wakimsumbua tu.

Ndiyo maana tiba yake ni ya polepole. Kwanza mbwa hupewa kwa mwezi mmoja doksisaiklini, dawa ambayo sisi huwapa watu kwa maambukizi mbalimbali. Haimwui mnyoo moja kwa moja, bali bakteria wanaoishi ndani yake na ambao yeye huwategemea. Kisha hufuata sindano za melasomini, dawa yenye asili ya aseniki, zinazodungwa ndani kabisa ya misuli ya mgongo: moja, halafu baada ya mwezi mbili nyingine kwa siku mbili mfululizo. Muda wote huo, na wiki kadhaa baadaye, mbwa hatakiwi kukimbia wala kubweka langoni usiku kucha. Jaribu kumweleza hivyo mbwa wa ulinzi wa Kayole! Gharama nayo si ya mchezo.

Damu hupimwa kabla ya kuanza hata ile kinga ya kila mwezi kwa mbwa mkubwa, hasa aliyetoka nchi au eneo la joto. Damu ikiwa imejaa vijinyoo vichanga, kuviua vyote kwa ghafla kwaweza kumletea mshtuko. Kipimo kinachotumiwa sana hutafuta dalili za minyoo jike waliokomaa, kwa hiyo mbwa aliyeumwa na mbu mwezi jana hataonekana kuwa na kitu. Hurudiwa baada ya miezi sita.

Jamaa zake wa hapa kwetu

Zipo pia njia za kizamani, za kuweka tone la damu chini ya hadubini na kutafuta vijinyoo vinavyochezacheza. Njia hiyo ni nzuri, ila hapa Kenya ina mtego. Mwaka 1958 wataalamu Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo ambaye hakuwa amejulikana, waliyempata katika paka, mbwa na kanu wa Kisiwa cha Pate, huko Lamu. Siku hizi huitwa Brugia patei, kwa heshima ya kisiwa chenyewe. Huishi katika mirija ya tezi, si moyoni, na vijinyoo vyake huogelea katika damu. Yuko pia Dirofilaria repens, ndugu wa damu wa mnyoo wa moyo, ambaye ameonekana katika mbwa na paka wa Pwani yetu tangu miaka ileile ya hamsini. Huyu huishi chini ya ngozi na mara nyingi hana madhara makubwa kwa mbwa.

Mtu asiye mzoefu akiona kijinyoo katika damu ya mbwa aliyetoka Lamu anaweza kutangaza mnyoo wa moyo, akaanza sindano za aseniki kwa mbwa asiyezihitaji. Kuwatofautisha ni kazi ya maabara.

Lakini kama ningetakiwa kumtaja mnyoo mmoja ambaye mwenye mbwa wa Nairobi anapaswa kumwogopa karibu na moyo, singemtaja hata mmoja wa hao. Ningemtaja Spirocerca lupi. Huyu haletwi na mbu. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, nacho huliwa na wale dundu weusi wanaobingirisha mavi. Dundu huliwa na kuku, mjusi au panya. Mbwa akimla dundu, au akila panya, au matumbo mabichi ya kuku aliyemeza dundu, mnyoo huingia. Kutoka tumboni hupenya na kupanda ndani ya kuta za mishipa hadi ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, akakaa humo miezi kama mitatu akiukwaruza, kisha huhamia kwenye umio na kujenga uvimbe. Mbwa hutapika chakula muda mfupi baada ya kula, humeza kwa taabu, na hukonda ingawa njaa anayo. Uvimbe huo huweza kugeuka saratani. Mara nyingine ule mshipa mkuu hupasuka, na mbwa aliyekuwa mzima asubuhi huanguka na kufa.

Daktari wa mifugo Max Murray alichapisha uchunguzi juu ya mnyoo huyu nchini Kenya mwaka 1968, na tangu hapo madaktari wa Nairobi wamekuwa wakimkuta kwa mbwa wetu, hasa wale wanaojitafutia chakula majalalani. Anayemlisha mbwa wake vichwa na matumbo mabichi ya kuku kwa kuwa ni rahisi, au anayemwachia afuate mabaki ya machinjio kama ya Kiamaiko, na ayachemshe vizuri mabaki hayo kwanza. Kinyesi cha mbwa nacho kizolewe kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni. Dawa zake zipo, ila si zilezile za mnyoo wa moyo wala kwa kipimo kilekile.

Je, nasi tunaambukizwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi. Mtu hawezi kupata mnyoo wa moyo kwa kumkumbatia mbwa. Anaweza kuumwa na mbu mwenye kijinyoo, lakini mwili wa binadamu haukifai. Karibu kila mara hufa kabla ya kukomaa. Mara chache kinachokufa hukwama pafuni na kuacha kidonda kidogo cha mviringo. Kwenye picha ya eksirei huonekana kama sarafu, na daktari asipokuwa mwangalifu hudhani ni saratani au kifua kikuu. Yule ndugu yake, D. repens, huweza kufanya uvimbe mdogo chini ya ngozi ya mtu au kuonekana akipita chini ya utando wa jicho. Ulaya ya kusini, hasa Italia, kumeandikwa visa vingi vya namna hiyo. Daktari wa macho humtoa kwa upasuaji mdogo. Inatisha kuona, lakini haipofushi kwa kawaida.

Paka wana habari yao. Mwili wa paka humpinga mnyoo wa moyo, hivyo mara nyingi humkuta mmoja au wawili tu, wanaoishi miaka miwili au mitatu. Msidhani hilo ni nafuu. Moyo wa paka ni mdogo, na mnyoo mmoja anatosha kumuua. Dalili zake hufanana na pumu: kukohoa, kupumua kwa haraka, kutapika mara kwa mara. Wengine hufa ghafla bila dalili. Vipimo vya damu humkosa mara nyingi, na zile sindano za mbwa hazifai kwa paka, kwa hiyo kwake ni kinga tu.

Pesa zikiwa chache

Kila mwenye mbwa atauliza aanzie wapi. Maoni yangu, kama daktari wa watu, ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na karibu kila mara huletwa na mbwa. Shilingi ya pili iende kwa dawa za minyoo ya kawaida ya tumboni, hasa kwa watoto wa mbwa, kwa sababu mayai yake humfikia mtoto anayecheza mchangani. Kinga ya kila mwezi ya mnyoo wa moyo ni ya tatu kwa mbwa asiyetoka Nairobi. Kwa mbwa aliyetoka Pwani au ng'ambo, au anayesafiri huko, ipandishe: na ianze baada ya kupimwa, isikatizwe.

Mapipa ya maji yafunikwe vizuri. Matairi ya zamani yaliyotupwa nyuma ya gereji, kama yale ya Kariobangi, yasiachwe yakijaa mvua. Mfereji uliozibwa na karatasi za plastiki mbele ya ploti yako hauhitaji kusubiri watu wa kaunti. Majirani wanne wenye majembe huuzibua Jumamosi asubuhi. Hayo yanapunguza mbu wa mbwa na mbu wako.

Daktari wa mifugo awe aliyesajiliwa na bodi yao. Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna zahanati ya wanyama wadogo, na shirika la KSPCA kule Karen hushughulikia mbwa na paka. Mpime mbwa uzito kabla ya kwenda, hata kwa kumbeba ukapanda mizani kisha ukapunguza uzito wako mwenyewe. Eleza alikozaliwa, alikosafiri na anacholishwa. Na kama umekwisha kumpa dawa ya ng'ombe, taja ni ipi, kiasi gani na saa ngapi. Yule kijana wa Umoja aliona haya, akalificha hilo hadi jioni ya siku ya pili. Dawa ikiwa imemezwa, ni katika saa mbili tatu za mwanzo ambapo daktari anaweza kumtapisha mbwa na kumpa unga maalum wa mkaa ili uinase sumu kabla haijaingia katika damu.